Juma la Pipa na Ukuta

(Mazungumzo ya wanachama waanzilishi siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi, Sumbawanga)



Tulipoanza mwaka 2014 tulikuwa 17, na kasha letu lilikuwa la mbao, lenye kufuli tatu na funguo tatu mikononi mwa watu watatu. Utaratibu huo hatukuubuni sisi. Akina mama wa Niger, huko Afrika ya Magharibi, waliuanza mwaka 1991, ukaenea nchi nyingi mpaka ukatufikia sisi huku Ufipa. Leo tuko 28 na kasha ni la chuma. Habari za hisa, mikopo na gawio mtazisoma katika taarifa ya mweka hazina humu humu kijitabuni, kwa hiyo hatutazirudia.

Tulipopewa nafasi hii tuliambiwa tuseme juu ya mafanikio. Tukakaa, tukajadiliana, tukakubaliana tuzungumze juu ya juma moja tu, juma la pili la Machi, mwaka 2018. Katika juma hilo kikundi hiki kilimkosea mwanachama wake. Mwenyewe ametupa ruhusa tuseme, ila jina hatutalitaja. Yumo humu ndani. Msimtafute kwa macho, jamani.

KAZI ZA MACHI

Wageni mliotoka nje ya Mkoa wa Rukwa, mwelewe kwanza Machi ya Ufipa ikoje. Mvua iliyoanza Novemba bado inanyesha, na itaendelea mpaka Aprili. Ghalani mahindi yamepungua, ya shambani hayajakauka, na ulezi mpya bado. Na hapo hapo kuna kazi ya matuta. Wazee wetu walikuwa wanalima majani na kuyafukia katika matuta ya mviringo mvua zikielekea kwisha. Juu wanapanda maharage, chini majani yanaoza. Msimu unaofuata wanalitawanya tuta na kupanda ulezi. Wapo wanaofanya hivyo mpaka leo, hasa ambao mbolea ya dukani hawaiwezi bei. Sisi tunasema hiyo ndiyo akiba ya kwanza tuliyofundishwa: unafukia mwaka huu, unakula mwaka kesho.

Mwenzetu alikuwa na shughuli tatu juma lile. Asubuhi shamba la matuta. Mchana na usiku pipa la pombe. Na Alhamisi rejesho la Sh. 20,000/=, maana Desemba alikopa kwetu fedha za mbolea. Mume wake alikuwa ameshuka bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, kutafuta vibarua. Watoto watatu, wote wa shule.

Habari ya pombe tuiseme wazi. Wengi wetu tunapika, hata sisi tunaoimba kwaya. Hatuzungumzii gongo, hiyo sheria imeikataza. Tunazungumzia pombe ya ulezi, ambayo bibi zetu waliipika kwa sherehe, kwa matambiko na kwa kuita watu wa kulima. Mwenzetu alianza kwa kupenda tu. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha. Alikuwa anapika mara mbili au tatu kwa mwaka, mtungi mmoja, wa nyumbani na majirani. Majirani wakamsifu mkono wake. Basi sifa zile zikamnunulia pipa la lita 200, na kile alichokifanya kwa kupenda kikawa biashara yenye tarehe.

Tunasema yenye tarehe kwa sababu pombe haisubiri. Anayejua kupika anaelewa. Juma moja kabla unaloweka ulezi, unaufunika kwenye gunia mpaka uote, unaanika, unasaga. Hicho ndicho kimea. Mvua za Machi zinakunyima jua, kwa hiyo kimea kinachukua siku nyingi, na kikikaa na unyevu kinaota ukungu. Halafu juma lenyewe linaanza. Kila mpikaji ana mkono wake, lakini mwenzetu alipanga hivi:

Jumatatu, kuteka maji na kukusanya kuni. Jumanne, kupika uji mzito wa mahindi, kuuacha upoe, kutia kimea. Jumatano, kuacha uchachuke, pipa limefunikwa magunia maana sisi huku tuko juu, baridi inachelewesha. Alhamisi, kuchemsha tena tangu asubuhi mpaka jioni. Ijumaa, kutia kimea cha pili. Jumamosi, kuchuja na kuuza. Jumapili inauzwa iliyobaki. Jumatatu tayari ni chachu kali, hakuna anayeitaka.

Kwa hiyo mtu akishatia kimea Jumanne, hawezi kusema atapumzika Alhamisi kwa sababu amepata matatizo. Akipumzika, amemwaga mtaji.

USIKU WA JUMATANO

Usiku wa Jumatano mvua ilinyesha kubwa. Saa saba za usiku ukuta wa nyuma wa chumba cha watoto ukaanguka. Bahati ulianguka kwa nje, la sivyo leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Ukuta ule ulikuwa wa matofali mabichi yaliyojengwa kwa udongo, bila msingi wa mawe. Mabati yalikuwa mafupi, maji ya paa yakidondoka pale pale miguuni mwa ukuta kila mvua, msimu baada ya msimu. Tofali la chini likalowa, likalainika, likashindwa kubeba ya juu. Ufa ulionekana tangu mwaka uliotangulia. Mwenzetu aliuona. Sisi tuliomtembelea Krismasi tuliuona, tukakaa tumeuegemea tukinywa chai. Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hiyo tumeisoma shuleni sote, na wengine tunayo kwenye khanga.

Kulipokucha, hali ilikuwa hii. Paa limening'inia upande mmoja. Nguo na madaftari ya watoto yamelowa. Debe moja na nusu la mahindi ya akiba limelowa tope. Na bandani pipa linasubiri kuchemshwa.

Alitegemeza paa kwa miti miwili, akatundika turubai, akawapeleka watoto kwa wifi yake, akarudi kuwasha moto. Kuni zenyewe mbichi. Akawa anakoroga pipa, anatoka kuondoa matofali, anarudi kukoroga.

KIKAO CHA ALHAMISI

Saa nane mchana siku hiyo hiyo sisi tulikaa kikao. Katibu akaita majina. Jina lake likaitwa mara mbili, kimya. Tukaandika daftarini: hayupo, hana taarifa, hakuleta rejesho. Faini ya kutofika Sh. 1,000/=, faini ya kuchelewesha rejesho Sh. 2,000/=, jumla Sh. 3,000/=. Tukaendelea na ajenda inayofuata.

Mwenye simu alikuwepo pale. Mwenye baiskeli alikuwepo. Kutoka pale mpaka kwake ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mtu ambaye kwa miaka minne hakuwahi kukosa kikao hata kimoja hakuonekana, na katika watu zaidi ya ishirini hakuna aliyeuliza, "Jamani, huyu mwenzetu kapatwa na nini?"

Ijumaa alitia kimea cha pili. Siku hiyo jirani mmoja alimshauri, kwa nia njema tu, yale mahindi yaliyolowa ayahifadhi kwa pombe ya juma lijalo: "Yakishachemka nani atajua?" Siku ya tatu yakaanza kuota ukungu. Mwenzetu akayamwaga shimoni na kuyafukia. Tunataka kila mpikaji alishike jambo hili. Ukungu wa nafaka una sumu, wataalamu wanaiita sumukuvu, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 ilileta ugonjwa na vifo kwa wenzetu wa mikoa ya Dodoma na Manyara. Mtu mwenye ukuta chini na deni juu alimwaga debe moja na nusu la mahindi ili asiwadhuru wateja wake. Na katika daftari letu, mtu huyo huyo ameandikwa kwa wekundu kama mkosaji.

Jumamosi akachuja. Wateja walipofika wakaona hali ya nyumba. Wazee wawili wakakumbusha desturi ya zamani, kwamba pombe ni ya kuitia watu kazi. Basi akatenga ndoo moja ya lita 20, na wanaume sita wakaondoa kifusi, wakachimba mfereji nyuma ya nyumba, wakategemeza paa sawasawa. Iliyobaki, lita 160, akauza Sh. 500/= kwa lita.

Sisi habari tulizipata Jumamosi usiku. Tena waliotuletea ni waume zetu, wametoka huko huko kunywa.

Jumapili baada ya ibada tukaenda, watu tisa. Akatukaribisha vizuri, akatutafutia viti. Kabla hatujasema neno akaingia ndani, akatoka na sahani. Juu yake Sh. 23,000/=: rejesho elfu ishirini na faini elfu tatu, zimepangwa. Hatujui nani alimwambia habari ya faini. Akasema, "Mama mweka hazina, hesabu."

Na sisi tukahesabu. Tukazipokea.

Hapo ndipo tunapoona aibu mpaka leo. Tuliona ukuta, tuliona turubai, tukachukua na ile faini.

KILICHOFUATA

Kikao kilichofuata tulibishana. Katiba yetu ilikuwa na mfuko wa jamii kwa mambo matatu: msiba, ugonjwa na uzazi. Ukuta haukuwemo. Wapo waliosema tumsaidie. Wapo waliosema tukitoa kwa ukuta wa mmoja, kesho kuta zote za Sumbawanga zitaanguka kwetu. Hoja hiyo haikuwa ya roho mbaya. Fedha za kasha ni za watu maskini, na kikundi kisichofuata katiba hakidumu. Lakini tulishindwa kutenganisha mambo mawili, kutoa fedha na kwenda kumwona mtu. La pili halikuhitaji katiba.

Hatukuamua lolote. Mwenzetu alimaliza deni lake Juni, baada ya kuuza maharage. Desemba tulipogawana akachukua gawio lake, akaaga kwa adabu, akatoka. Hakugombana na mtu.

Masika mengine yakaja. Zikaanguka kuta mbili za wanachama, halafu jiko la mwenyekiti wetu. Mcheke tu, maana ndivyo ilivyokuwa: la mwenyekiti lilipoanguka, katiba ikaonekana ina mapungufu. Wakati huo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilikuwa imeshatoka, vikundi kama chetu vikawekwa daraja la nne na kutakiwa visajiliwe. Tulipokaa kuandika katiba upya kwa ajili ya usajili, tukatia vifungu vitatu vipya.

Kwanza, mfuko wa nyumba. Kila mwanachama anatoa Sh. 500/= kila kikao. Kwa watu 28 na vikao 24 ni Sh. 336,000/= kwa mwaka. Si nyingi, lakini zinaziba nyufa. Mwenye ufa anakopeshwa bila riba.

Pili, ukaguzi. Kila Septemba, kabla ya mvua, wanachama watatu wanapita nyumba kwa nyumba. Wanaangalia ufa, mchwa kwenye mbao za paa, misumari ya bati iliyolegea, na maji ya paa yanaanguka wapi. Mwanzoni tulioneana haya, nani anataka mwenziwe aingie mpaka chumbani? Sasa tumezoea.

Tatu, faini. Asiyefika bila taarifa hatozwi kabla hajafuatwa nyumbani na watu wawili.

Mwaka 2021 tukaenda kwake kumwomba arudi. Alitusikiliza, akasema atafikiri, akafikiri miezi miwili, akarudi. Tukataka kumrudishia zile Sh. 3,000/=. Akakataa. Akasema, "Acheni ibaki daftarini, mkiifuta mtasahau." Basi imebaki. Na leo ufunguo mmoja kati ya ile mitatu anao yeye.

HESABU

Aliporudi alikuja na daftari lake mwenyewe la juma lile, tukakaa naye tukapiga hesabu ambayo hatukuwahi kuipiga katika maisha yetu ya kupika pombe.

Siku zile yeye alikuwa anahesabu hivi: ulezi madebe mawili kwa Sh. 15,000/=, ni Sh. 30,000/=. Kusaga Sh. 4,000/=. Mauzo Sh. 80,000/=. Faida Sh. 46,000/=. Mtu anafurahi.

Sasa tukauliza, mahindi je? "Ya ghalani kwangu." Lakini angeyauza sokoni: madebe mawili kwa Sh. 6,000/=, ni Sh. 12,000/=. Kuni? "Nilikata mwenyewe." Lakini mwenziwe asiyekata ananunua, mzigo wa kutosha pipa moja Sh. 10,000/=. Basi gharama si 34,000, ni 56,000. Faida inakuwa Sh. 24,000/=. Igawe kwa siku sita, ni Sh. 4,000/= kwa siku, na usiku mbili za kukesha motoni bure. Hapo hatujatoa wa mkopo asiyelipa, na anayeonja mara tatu bila kununua.

Upande wa ukuta: matofali ya kuchoma 400 kwa Sh. 80/=, ni 32,000. Saruji mifuko miwili, 32,000. Fundi na msaidizi wake, 30,000. Mbao na misumari, 16,000. Jumla Sh. 110,000/=. Yaani ukuta mmoja ulikula faida ya karibu mapipa matano. Na mwaka mmoja kabla, kuchimba mfereji, kupanga mawe miguuni mwa ukuta na kuongeza bati la kutoa maji mbali kungegharimu kama Sh. 15,000/=.

Hatusemi watu waache kupika. Wengine tumeacha, wengine hatukuacha. Yeye mwenyewe anapika mpaka leo, ila mara chache na kwa furaha kama zamani. Anapika baada ya mavuno ulezi ukiwa rahisi, na kimea anakianika kwa jua la Julai. Ulezi wa Machi hanunui tena. Tunachosema ni kwamba mama asiyehesabu kuni zake, maji yake na siku zake, anajikopesha mwenyewe bila kuandika, na nyumba yake ndiyo inayolipa.

Na kwa wapikaji, mawili ya mwisho. Pipa likiwa limewahi kubeba dawa au mafuta, lisipikiwe hata likioshwa mara kumi. Na kibali cha kuuza kikatwe halmashauri kabla ya kutangaza, msikimbizane na watu.

KWA KUMALIZIA

Ndugu mgeni rasmi, umeona kasha letu la chuma pale mbele, limefunikwa kitambaa. Tunajivunia. Ila ukituuliza kikundi kilikua lini, hatutasema siku tuliponunua kasha. Tutasema siku tulipoandika kwamba mtu asipoonekana kikaoni, kwanza afuatwe kwake.

Mwenzetu, mbele ya wageni hawa, tulichokisema kwako mwaka 2021 kwa siri tunakirudia leo kwa sauti: tulikukosea, utusamehe.

Mwezi huu ni Septemba. Mvua hazijaanza. Wakaguzi watatu wataanza kupita Jumatatu, upande wa Mto Lwiche kwanza. Mwenye ufa asitundike kanga juu yake. Tumezijua mbinu hizo, sisi wenyewe tulizitumia.